Vijiko Vinne vya Kailemia

Benchi lenyewe lilikuwa ubao wa nyuma wa lori, bado una rangi ya kijani na nusu ya jina la tajiri aliyewahi kulimiliki, umelazwa juu ya rimu mbili za trela nje ya geti la yadi, pale barabara ya Meru inapoanza kuuacha mji wa Embu. Hapo ndipo madereva walipongojea kupakiwa mizigo, na hapo ndipo Gladwell alipouza kahawa, kahawa halisi ya miti ya mumewe, aliyoikaanga mwenyewe na kuisaga pamoja na tangawizi, katika nchi ambayo kila mtu analima kahawa na hakuna anayeinywa. Chupa yake kubwa ilikuwa nyekundu, na kahawa yake ilikuwa imetiwa sukari tangu sufuriani. Lakini katikati ya benchi aliweka pia mkebe wa sukari, kwa wale ambao ile ya sufuriani haikuwatosha, na kwenye mkebe huo ndiko mtu alikopimwa. Mwenye kuchota viwili alikuwa mtu wa kawaida. Mwenye kuchota vitatu alikuwa na nguvu zake. Asiyechota kabisa aliulizwa anaumwa nini, na swali hilo, tangu kampuni ianze kudai fomu ya daktari kila mwaka, hakuna dereva aliyetaka kuulizwa mbele ya watu.

Thuranira alichota vitatu. Alikoroga polepole, kijiko kikigonga kikombe ili wote wasikie, kisha akanywa kwa sauti. Walimwita Breki, kwa kuwa miaka ishirini na miwili barabarani hakuwahi kugonga hata mbuzi. Kisukari alikuwa nacho mwaka wa sita sasa, na sindano ya insulini mwaka wa pili. Waliojua ni watu watatu: mkewe Lenah, daktari wake, na Gladwell, ambaye hakuambiwa na mtu. Alfajiri moja tu Thuranira aliomba kahawa isiyo na sukari, akadanganya kwamba tumbo linamsumbua. Kesho yake alikuta Gladwell amekuja na chupa nyingine, ndogo, ya bluu. "Hii haina, baba Purity," mama yule alisema, akamimina, akageuza uso upande wa barabara.

Tangu siku hiyo Thuranira alikuwa akifika kabla ya wenzake, anakunywa kikombe kimoja cha chupa ya bluu, anaingia yadini kukagua magurudumu, halafu saa mbili anarudi kunywa cha pili, kile cha chupa nyekundu, na vijiko vyake vitatu mbele ya umma. Kwa ajili ya hicho cha pili alijidunga alama mbili zaidi za insulini kila asubuhi ya kazi kabla ya kutoka nyumbani. Yeye aliiita dozi ya benchi. Lenah aliiita ujinga, na walikuwa wamegombana juu yake mpaka wakachoka.

Leo ilikuwa Ijumaa. Fomu mpya zilikuwa zimetolewa wiki moja baada ya mazishi ya Kailemia, na dereva ambaye hangeirudisha yake na muhuri wa daktari kufikia saa kumi jioni, Jumatatu hangeshika trela. Fomu ya Thuranira ilikuwa imekunjwa mfukoni mwa shati, tupu. Kama trela ingemtoka, kilichomngojea ni kurudi kwao Muthara kukaa chini ya kaka yake kwenye shamba la majani chai, akitumwa kama mtoto. Hilo alilifikiria usiku na mchana, na lilimkera kuliko ugonjwa wenyewe.

— Hii fomu ni ya kutufuta, — alisema Munyi.

Munyi, waliyemwita Wakili, aliwahi kushtakiana na shemeji yake juu ya mpaka wa shamba kwa miaka minne. Alishindwa kesi, akabaki na msamiati.

— Mimi nawaambia kisheria. Wamechoka na wazee. Hawawezi sema wamechoka na wazee, sasa wanatafuta ugonjwa. Wakikosa ya macho, watashika ya presha. Wakikosa presha, sukari. Kuna mtu wa trela hana kitu? Hakuna.

— Na wakikosa yote? — aliuliza Gladwell.

— Wataandika umekonda.

Riungu alicheka kwa pua. Huyu walimwita Daktari, maana dada yake alifanya kazi hospitali.

— Wakili, wewe unaangalia karatasi. Angalia mashini. Ile mashini ya kudunga kidole imesetiwa juu. Ukitoka tu kwa lori hivi, lazima isome juu. Damu ya dereva haisimami mara moja, hata ukizima injini yeye bado anatembea. Dada yangu ameniambia.

— Dada yako si anapika uji? — alisema Oscar.

— Uji ya wagonjwa! Anaona kila kitu!

— Haya, buda. Tumesikia.

— Na kitu ingine. — Riungu alisogea mbele, akashusha sauti. — Msiwape mkono wa kulia. Huo ndio wa dirishani. Jua ya Marsabit inapiga huo mkono siku nzima, maji inakauka kwa damu, sukari inabaki. Toa wa kushoto. Hiyo ni damu baridi.

Thuranira alijikuta ameitazama mikono yake. Wa kulia ulikuwa mweusi kuliko wa kushoto, hilo ni kweli, dereva yeyote wa masafa angekuonyesha hivyo hivyo. Kwa dakika nzima alitamani upuuzi ule uwe kweli, awe na ugonjwa upande mmoja tu, autoe mkono mwingine na mambo yaishe.

— Kwani damu ya kulia na ya kushoto hazijuani? — Gladwell alisema.

— Zinapitana kwa moyo tu, mama. Hazikai.

— Hapo Daktari umeharibu, — alisema Wakili. — Si jua. Ni hivi viti vya trela mpya. Umeona vile inapumua? Ukikaa, fyuu, inashuka. Ukigonga shimo, fyuu, inapanda. Hiyo hewa inafinya kongosho. Wewe unapelekwa Moyale na kurudi, kongosho yako imefinywa mara elfu ishirini. Halafu mwenye amekupatia kiti anakuja kukuuliza sukari imetoka wapi. Hiyo ni kesi wazi!

— Shtaki basi.

— Nitashtaki.

— Na ile kidude wameweka kwa dashibodi, — Riungu alisema, kwa maana sasa hakutaka kupitwa. — Mnadhani inafuata lori? Lori itaenda wapi? Inafuata jasho. Ukitoa jasho nyingi, ofisini wanaona kwa kompyuta. Wanasema, huyu ameanza.

Oscar alinyoosha mkono wake wa kushoto, akavitandaza vidole juu ya goti. Alikuwa na miaka ishirini na minane, mzaliwa wa Kibugu, amekulia kwenye milima ya majani chai, na hakuwahi kulazwa hospitali hata siku moja. Walimwita Damu Safi. Jina hilo halikuwa utani.

— Mimi najua tu vidole vyangu zimechoka, — alisema. — Jumatatu nilikuwa Munyi. Jumatano nikawa Riungu. Leo saa nne niko Thuranira. Maze, sijui hata nikiwa mimi nitaenda lini.

Mpango huo ulikuwa na miaka mitatu. Kulikuwa na kliniki moja ndogo nyuma ya kinu cha unga, na mpimaji wake alikuwa mtu asiyependa kuangalia nyuso. Jina lako linaitwa, kidole cha Oscar kinapita kando ya pazia, kinadungwa, karatasi inapigwa muhuri. Kila dereva wa benchi lile alikuwa mzima kwenye makaratasi, na wote walikuwa wazima kwa namna moja, mpaka nukta ya mwisho. Wenyewe walisema si kwamba wanaumwa. Ni tahadhari tu, maana mashini imesetiwa juu.

— Hiyo ni kusaidiana, — alisema Wakili. — Hata Kailemia ulimsaidia. Karatasi yake ilikuwa safi mpaka siku ya mwisho.

— Hapo ndio sipendi kufika, — alisema Oscar.

— Kwani uliharibu breki yake wewe?

 Oscar alirudisha mkono mfukoni.

Kailemia alikuwa amekaa pale mwisho wa benchi, karibu na geti, kwa miaka kumi na moja. Mtu wa kicheko kikubwa. Yeye ndiye aliyekuwa akichota vijiko vinne, mchana kweupe, mpaka Gladwell anamwonya kwamba kijiko kitasimama chenyewe kikombeni. Vijiko Nne, ndivyo walivyomwita. Wiki tano zilizopita, saa tatu asubuhi, na saruji nyuma, trela yake ilifika kwenye mteremko ambako barabara inakata kona kabla ya daraja, na haikukata. Ilikwenda moja kwa moja. Hakukuwa na gari mbele wala nyuma, na hakukuwa na alama yoyote ya breki kwenye lami. Polisi waliandika mwendo wa kasi. Benchi lilikuwa limekwisha kusema breki zilikufa, kisha likasema ng'ombe, kisha Riungu akaleta habari za mashetani wa lile bonde.

Thuranira alijua siku ile ile kwamba si breki. Hakumwambia mtu. Aliwahi kuwa kwenye kiti hicho, kaskazini ya Laisamis, jasho baridi likimshuka shingoni, vidole vikitetemeka juu ya usukani, barabara imegawanyika kuwa mbili na yeye amesahau kabisa kwamba moja kati ya hizo haipo. Hiyo ni sukari kushuka. Dawa imeingia na chakula hakikuifuata. Alichagua ile ya kushoto kwa bahati tu, akasimama, akapapasa chini ya kiti akakuta soda ya jana. Tangu hapo peremende hazikukosekana mfukoni mwake. Na wiki tano hizi, kila benchi lilipotaja breki za Kailemia, alikuwa akikoroga kahawa yake kwa nguvu, na alijichukia.

Ndipo mwanamke mmoja, aliyekuwa amesimama kwa muda akiongea na askari wa geti, akaja kwenye benchi, amejifunga kitambaa cheusi kichwani, na mkoba wa kiume begani. Wote walimtambua, kwani walikuwa mazishini. Alikuwa Kathure, mwalimu kule Muthara, mtoto wa kwanza wa Kailemia.

— Hamjambo, wazee.

— Hatujambo, mwalimu. Pole tena. Mama anaendeleaje?

— Yuko tu. Nimekuja kuchukua vitu vya baba. Askari wa geti ameniambia ningoje hapa wafungue stoo. Mkoba wake wamenipatia tayari.

Wakili alisimama, akafuta ubao kwa mkono, akamkalisha mahali pale pale pa baba yake. Alidhani anamheshimu. Gladwell alimimina kikombe kutoka chupa nyekundu. Wakili akasukuma mkebe wa sukari mbele ya mgeni, na uso wake ulikuwa na wema wa kweli.

— Weka nne, mwalimu. Kama mzee.

— Nne ya nini?

— Sukari. Baba yako alikuwa anaweka vijiko nne. Hapa hatukuwa tunamwita Kailemia. Alikuwa Vijiko Nne.

Kathure alitabasamu, kama mtu anayesubiri wenzake wagundue kwamba wanamzungumzia mtu mwingine.

— Hapana. Baba hakuwa anaweka sukari.

— Mwalimu, sisi tumekaa na yeye miaka kumi na moja.

— Na mimi nimezaliwa na yeye. Ni miaka tisa sasa baba hajaonja sukari. Nyumbani hata mama alikuwa anakunywa chai yake bila sukari, ndio asimtamanishe. Alikuwa anajidunga asubuhi na jioni. — Aliwatazama mmoja mmoja. — Si mlijua?

Lori moja lilipita likiwa na mbao. Wote walilitazama mpaka likapotea.

— Karatasi yake ya kampuni ilikuwa safi, — alisema Wakili hatimaye.

— Nimeiona. Ilikuwa kwa huu mkoba. — Kathure aliitoa, imekunjwa mara nne, na pamoja nayo daftari la shule, lile la mistari, limefungwa kwa mpira. — Hapa imeandikwa sukari nne nukta nane, ya mtu mzima kabisa. Siku hiyo hiyo, kwa daftari yake, yeye mwenyewe ameandika kumi na tatu. Nimefikiria labda mashini zilikosana.

Riungu, ambaye alikuwa na maneno mengi sana juu ya mashini, aliinama kufunga kamba ya kiatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Chini ya mkebe wa sukari kulikuwa na fomu moja ya kampuni, nakala ambayo mtu aliiharibu kwa kuandika jina vibaya, na sasa Gladwell aliitumia kuzuia sukari isidondoke ubaoni. Kathure aliivuta, akapangusa chembe, akaisoma. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna mtu wa benchi lile aliyewahi kulifanya. Aliigeuza.

— Huku nyuma mmesoma?

— Nyuma ni kiingereza ya kampuni, — alisema Wakili. — Ni masharti. Masharti ni yale yale.

— Imeandikwa dereva mwenye kisukari, hata wa insulini, apimwe na daktari wake mwenyewe. Alete barua yake, na rekodi ya vipimo vya miezi mitatu. Daktari akiridhika, dereva anaandikiwa cheti cha mwaka mmoja, na anarudi tena mwaka ukiisha.

— Mwalimu, hayo ni maneno ya karatasi. Ukipeleka hiyo rekodi unaonyeshwa geti.

— Nani alionyeshwa geti?

— Watu.

— Watu gani?

Wakili alifungua mdomo. Alitafuta jina, na ungeona kabisa anavyolitafuta, akipita yadi moja baada ya nyingine kichwani mwake, Embu mpaka Isiolo, Isiolo mpaka Moyale.

— Watu wengi, — alisema.

Kathure aliweka mkono juu ya lile daftari.

— Miezi mitatu, — alisema. — Baba alikuwa na ya miaka tisa. Kila siku. Hata siku ya harusi yangu ameandika.

 Alifungua mpira, akafunua kurasa za mwisho, si kwa ajili yao, kwa ajili yake mwenyewe tu, kwa kidole cha mwalimu kinachofuata mstari.

— Lakini kuna kitu nimeshindwa kuelewa. Anaandika dawa ya asubuhi, halafu kando anaandika ya kuongeza. Jumatatu, ameongeza. Jumanne, ameongeza. Jumapili hajaongeza. Siku za likizo hajaongeza. Siku ya ajali ameongeza kama kawaida, na hiyo ndiyo mstari wa mwisho.

 Thuranira alijiambia asimtazame Gladwell, na akamtazama.

Gladwell alikuwa amesimama na kitambaa cha kufutia vikombe, amekishika kifuani.

— Siku hiyo hakunywa, — alisema mama yule, polepole. — Walikuwa wamempakia usiku. Saa moja na nusu alikuwa ashatoka getini. Nilimwinulia kikombe na mandazi yake. Akapiga honi, akasema atakunywa akirudi.

Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa. Kailemia naye alikuwa na dozi ya benchi. Kila asubuhi ya kazi alijidunga kwanza kwa ajili ya vijiko vinne, kisha akaja kuvinywa hapa na kucheka mbele ya wenzake. Siku ile alijidunga, akapita bila kunywa, na dawa iliyokusudiwa sukari asiyoinywa ilikwenda naye mpaka kwenye kona. Thuranira aliona yote hayo kama mtu aonavyo sahani imekwisha kuteleza mkononi. Alijua hata idadi ya alama za sindano. Ni yeye peke yake aliyeweza kumweleza yule binti, na kikombe cha vijiko vitatu kilikuwa bado na joto kiganjani mwake.

Kathure alifunga daftari. Alikitazama kikombe chake ambacho hakuwa amekigusa, akautazama mkebe, akawatazama wanaume wale wanne na yule mama. Hakuwa na hasira. Aliuliza kama anayeuliza njia.

— Sasa hapa alikuwa anamwekea nani?

Gladwell alikikunja kitambaa chake.

— Hiyo sukari. Nyumbani haweki. Hapa alikuwa anamwekea nani?

Wakili, mtu wa kesi, aliitazama barabara. Riungu alikuwa bado ameinama juu ya kiatu. Oscar alikuwa ametoa kidole chake cha shahada mfukoni na anakisugua kwa kidole gumba, pale kwenye alama ndogo za sindano, anasugua na kusugua.  Thuranira angesema nini? Kwamba alikuwa akituwekea sisi? Na sisi tulikuwa tukimwekea yeye? Mtu mzima unaanzia wapi kumweleza binti wa rafiki yako jambo la kipumbavu namna hiyo?

Askari wa geti aliita kwamba stoo imefunguliwa. Kathure alishukuru kwa kahawa ambayo hakuinywa, akabeba mkoba, akaingia yadini. Baada ya muda walimwona akitoka upande wa pili na koti la baba yake mkononi, blanketi, na jiko dogo la gesi. Hakupita tena pale kwenye benchi. Alivuka barabara, akateremka kuelekea mjini.

 Nzi mmoja alikuwa amepata kikombe cha Kathure.

Wakili ndiye aliyejaribu kwanza.

— Kisheria, — alisema, — hiyo daftari si ushahidi.

— Nyamaza, Munyi, — alisema Gladwell. Hakuna aliyewahi kumsikia akimwita kwa jina lake.

Oscar alisimama. Ilikuwa karibu saa nne.

— Mzee, — alimwambia Thuranira, bila kumtazama machoni. — Twende?

Thuranira alitoa fomu mfukoni. Aliifungua, akaigeuza, akasoma nyuma, midomo ikitembea, mpaka mwisho. Yote yalikuwa pale kama alivyosema mwalimu. Ilikuwa imekaa kifuani mwake siku nane nzima. Kwenye kebini ya trela yake, chini ya godoro, alikuwa na daftari lake mwenyewe, alilolazimishwa na Lenah, la mwaka mmoja na nusu. Hakuwa na hakika kwamba meneja angelifungua. Huenda Wakili alisema kweli, huenda ilikuwa ni geti moja kwa moja na saa kumi jioni angekuwa mtu wa kuchuma majani chai ya kaka yake. Hilo pia lilikuwa pale, halikwenda popote.

— Keti, Oscar, — alisema. — Kidole ninacho.

— Buda, utafutwa.

— Nitafutwa nikiwa mimi.

Riungu aliinua kichwa. Wakili aliacha kukoroga. Thuranira alimwaga kahawa yake yote chini, karibu na rimu, ikatengeneza tope la rangi ya udongo wenyewe. Aliinua kikombe kitupu kumwelekea Gladwell, na sauti yake ilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, hata askari wa geti akageuka.

— Mama, nipatie ile ya chupa ya bluu. Ile haina sukari. Nina sukari mimi, mwaka wa sita. Nipatie niinywe hapa.

Alingoja mtu aseme neno. Hata matusi angeyapokea.

Gladwell hakushika kikombe. Aliinama nyuma ya kiti chake, akaitoa ile chupa ndogo, akafungua kifuniko, akaipindua juu ya kikombe. Tone moja lilishuka. Akaitikisa. Halikufuata jingine.

— Imeisha, baba Purity.

— Imeisha vipi? Nimekunywa kikombe kimoja tu.

— Wewe umekunywa kimoja. Zamani nilikuwa najaza vikombe vinne. Wiki tano sasa najaza vitatu.

 Chupa ile ilikuwa ya vikombe vinne. Miaka miwili Thuranira alidhani inayobaki anakunywa mwenyewe mama.

Alizungusha shingo, akaanza upande wa Wakili. Munyi alikuwa ameanza tena kukoroga, kwa kasi, kikombe ambacho hakikuwa na kitu ndani. Riungu alikuwa amevua kiatu kabisa. Kando yao, pale karibu na geti, ubao ulikuwa mtupu.

Hakuna aliyeinua uso. Gladwell alifunga kifuniko, akaweka chupa ya bluu kapuni, akaanza kukusanya vikombe.